Kumi kwa Ubavu wa Kushoto

Nesi Agnetha hakunificha: kwa presha yangu, na kwa watoto wawili niliowazaa wakiwa wameshakufa, mimba hii ni ya kulelewa kama yai. Nipunguze chumvi. Niache kubeba ndoo, niache kula udongo. Na kila siku nikishakula nilale ubavu wa kushoto, mkono tumboni, nipumue taratibu kwa pua, nimfikirie mtoto tu. Akicheza mara kumi ndani ya masaa mawili, yuko salama. Asipofika, nisingoje mtu, niende kliniki.

"Na mume wangu Mwigulu nisimfikirie?"

"Huyo si ndiye anayekupandisha presha? Muweke pembeni kwanza, mama."

Nilimpenda kwa neno lile la mwisho. Uani kwetu Kharumwa kuna Mama Esta, kuna Mama Edson, na kuna Lusia. Lusia ni mimi. Kliniki angalau kila mwanamke ni mama.

Basi nikawa mwanafunzi mwema. Udongo niliuacha, ingawa mvua ikinyesha nilitamani kulamba ukuta. Mchicha usio na chumvi nilikula huku nikimwambia Mama Esta kwamba hata ng'ombe hupewa magadi. Uji ukishashuka, nalala kushoto, nahesabu. Nyuma ya ukuta wetu karasha linasaga mawe ya dhahabu tangu asubuhi. Masikio yalishalizoea, kama nilivyomzoea Mwigulu akikoroma.

Mwanzoni mtoto alikuwa mpiga mateke. Wiki hii akageuka fundi cherehani: vishindo vidogo vidogo, vya haraka. Kumi inafika kabla sijapata usingizi.

"Amekua, nafasi imembana," Mama Esta akasema.

"Na saa saba wasagaji wakienda kula, naye anatulia."

"Huyo ameshaajiriwa."

Tulicheka mpaka nikashika kiuno.

Jumatano nilikuwa nimefika sita, mkanda wa karasha ukakatika. Nikasikia kuku wakiparua nje. Nikapumua kwa pua, nikangoja saba.

Nikangoja.

Nikanywa maji, nikalala tena. Nikamtania: bosi hayupo, cheza tu. Kikombe nilikiweka juu ya stuli, na macho yakabaki hapo. Siku zote karasha likisaga, maji yake huwa na viduara vinavyotetemeka. Leo yalikuwa yametulia kama kioo.

Nikajua nilichokuwa nahesabu wiki nzima.

Sikulia. Niliendelea kupumua kama nilivyofundishwa, maana sikufundishwa kingine. Nikasogeza mkono chini ya kitovu, kisha juu, kisha pembeni, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Tumbo lilikuwa zito, limekaa tu.

Mwigulu akaingia na vumbi lake la mawe, mafundi wakiwa bado wanaunga mkanda.

"Ngapi leo?"

"Sita," nikasema. Sikuwa na namba nyingine.

Akapiga magoti, akaweka kiganja tumboni. "Mwangaluka, bosi," akamsalimia kwa Kisukuma, kama kila asubuhi.

Nyuma ya ukuta injini ikaguruma. Kikombe kikaanza kutetemeka.

Uso wa Mwigulu ukafunguka. "Huyo. Umemsikia? Saba." Akatulia, akasikiliza kwa vidole. "Nane."

Sikumkatiza. Mara mbili nimemwona akirudi kutoka makaburini na jembe begani, akinitafutia la kuniambia. Nilimwacha afike kumi, akicheka peke yake kama mwehu.

"Kaite bodaboda," nikasema. "Twende kliniki."

"Kliniki ya nini? Si amefika kumi?"

Nikamshika mkono, nikautoa tumboni, nikauweka kwenye godoro kando yangu, mahali pasipo na mtu.

Akaisikia ya kumi na moja.