Ufunguo Kwenye Pindo la Kanga

1.

Ko.

2.

Kila mzunguko mara moja, mguu wa kushoto unaposhuka. Ng'washi alikuwa anapepeta mchele uani. Ungo ukamganda mikononi. Miaka sita hajausikia mlio ule, ila ndotoni.

3.

"Limi. Baiskeli yako inagonga."

"Krenki hiyo, mama, mkono wa pedeli. Haijazoea."

"Umeitoa wapi?"

Binti hakuinua macho, anafuta mnyororo. "Kwenye gunia la vipuri vya kaka Lushinge. Kesho ni mbio, mpya hapa Shinyanga nitaipata wapi? Na urefu wake umenikaa. Si wewe husema miguu yangu ni Lushinge mtupu?"

"Nilikuwa natania."

Jioni, wakila, Ng'washi alifungua mdomo mara tatu. Mara zote lilitoka neno la mboga.

4.

TANGAZO KWA WASHIRIKI
Baiskeli zitakaguliwa breki na tairi. Mshiriki akishaingia ndani ya kamba hataruhusiwa kutoka, wala kupokea kifaa chochote kutoka kwa ndugu au jamaa. Kamati haitawajibika kwa

5.

Fundi Shigela alivyomwambia Lushinge, miaka ile, mama mtu akisikia:

"Hii siyo krenki ya pini kama ya baiskeli za maziwa, usiipige nyundo. Safisha ekseli, ingiza mkono wa krenki, kaza bolti. Ukishakimbia kidogo simama, kaza tena, maana mara ya kwanza hulegea. Ikigonga nawe ukaendelea tu, tundu linalika. Likishalika, hata akaze jini haishiki. Tupa."

6.

Vilivyokuwa barabarani siku ile ya mbio, miaka sita nyuma:

chupa ya maji
kiatu
mkono wa krenki, wa kushoto, umechomoka na pedeli yake
Lushinge

Mbuzi hakuwepo.

Mbuzi aliletwa na Ng'washi, kwa mdomo wake, watu walipouliza. Mbuzi alikatiza, alisema. Ule mkono wa krenki alikuwa ameshaufunika kwa kanga, baadaye akauficha guniani. Msiba mzima watu walimlaani mbuzi.

7.

Wewe mama unayesoma. Mwanao akikupa kitu umshikie, usifunge fundo ukasahau.

Nguo ya mbio ya Lushinge haikuwa na mfuko. "Nishikie ufunguo wa bolti, mama. Kwenye kituo cha maji nitakaza tena." Ng'washi akaufunga pindoni. Kituoni akapiga vigelegele mpaka koo likamkauka. Lushinge akapunguza mwendo, akanyoosha mkono.

Akampa

maji.

8.

Saa moja asubuhi. Limi yuko ndani ya kamba.

"Mama, rudi nyuma," alisema mwenye filimbi.

"Namuaga mwanangu."

"Nyumbani hukumuaga?"

Fundo la miaka sita lilikuwa limekakamaa. Ng'washi akalifungua kwa meno. Ufunguo ukatoka na kutu yake.

"Wa nini huo, mama? Nikaze?" Limi akanyoosha mkono.

Vile vile alivyonyoosha kaka yake.

"Hata ukikaza haishiki. Tundu limelika. Shuka."

"Watu wanatuangalia, mama. Kaka aliangushwa na mbuzi, mimi nitaangalia mbele."

"Limi."

"Nini?"

"Hapakuwa na mbuzi."

Mwenye filimbi akaipeleka mdomoni. Mguu wa kulia wa Limi ulikuwa bado vumbini. Wa kushoto ulikuwa juu ya pedeli. Akautazama ufunguo, akamtazama mama yake, na ule mguu wa kushoto ukashuka, ukakanyaga vumbi.