Bastola ya Wajane wa Caney

Saa tisa kasorobo alasiri, Verdie Sizemore alipunguza moto chini ya sufuria ya maharage, akajifuta mikono kwenye aproni, akaketi mezani mbele ya boksi. Lilikuwa boksi la mbao nyeusi lenye kifuniko cha kioo, na ndani yake, juu ya kitambaa chekundu, ililala bastola iliyotiwa nakshi za dhahabu. Kampuni ya makaa ya mawe iliwapa wajane wote kumi na mmoja wa bonde la Caney, kila mmoja na yake, mwaka mmoja baada ya mgodi kulipuka. Kwingine wajane hupewa pole. Kentucky walipewa bastola.

Ilikuwa nakala ya bastola za vita vya Kaskazini na Kusini vya Marekani, zile za kupakiwa baruti nyeusi na risasi ya duara kwa mkono, tundu baada ya tundu. Ilitengenezwa Italia. Kwenye silinda, kile chuma cha mviringo chenye matundu sita, fundi alichonga mlango wa mgodi, reli, mlima, na wanaume kumi na mmoja wenye taa kwenye kofia, kila mmoja wao kama punje ya mchele.

Verdie aliitoa bastola akaielekeza dirishani apate mwanga. Wanaume walikwisha kuanza kutembea. Walitoka upande wa reli wakiwa wameinama, mikono puani kwa sababu ya moshi, wakaelekea mlango wa pili, ule wa nyuma ya mlima. Mlango huo haukuwamo kwenye picha ya kampuni. Ulijitokeza siku ya pili baada ya boksi kufika, pamoja na mtu mmoja mwenye kofia nyeupe aliyesimama nje yake na ufunguo mkononi. Wa mbele kabisa alikuwa Hobart, mume wa Verdie. Alipiga mlango kwa ngumi. Mwenye kofia nyeupe akageuka akawapa mgongo. Ilipofika saa tisa kamili, wote kumi na mmoja walilala chini, na Verdie akarudi kwenye maharage yake.

Ilikuwa hivyo kila siku isipokuwa Jumapili. Kwa Ocie Fugate, jirani yake na mjane mwenzake, wanaume walichelewa dakika tano, na Ocie alilaumu unyevu wa nyumba yake. Mkaguzi wa serikali aliitwa mwaka ule ule wa kwanza. Alitazama kwa miwani yake mwanzo hadi mwisho, akakiri kwamba ameona yote, akasema kwamba mchoro hauwezi kuapishwa mahakamani. Alikula kipande cha keki, akaondoka.

Mjini hakuna aliyehitaji kuambiwa kofia nyeupe ni ya nani. Mgodini kofia nyeupe ni ya bosi, na bosi wa Caney alikuwa Garland Pruitt.

Mwezi wa Mei, Delmas, mdogo wake Hobart, alikuja na habari. Delmas alikuwa nahodha wa klabu ya baruti nyeusi, wazee wanaokutana Jumamosi kupiga makopo na kunuka kiberiti hadi Jumatatu. Mwaka ule klabu ilitaka wajane wenyewe wapige saluti Siku ya Makaburi, Jumapili ya mwisho ya mwezi, wakati familia zinapopalilia makaburi, kuweka maua na kula pamoja palepale kwenye nyasi. Baruti tupu, bila risasi. Pruitt angekuja kusoma majina, kama kila mwaka.

"Lakini mtumie bastola za klabu, shemeji," alisema Delmas. "Hiyo yako usiiguse."

"Kwa nini?"

"Haijawahi hata kukokiwa! Unajua maana yake? Ukiivuta nyundo mara moja tu, silinda inazunguka, na kuna kijichuma chini kinaikwaruza. Kinaacha mstari. Mwenye kukusanya anauona huo mstari kutoka ng'ambo ya barabara. Na ukiifyatua ndiyo basi tena, masizi mpaka kwenye mifupa. Thamani yote kwisha."

"Na nikitaka kumpiga nayo Pruitt?"

Delmas alifikiri. "Thamani itashuka vilevile," alisema.

Verdie aliuliza mstari huo ungepita wapi. Delmas alionyesha kwa ukucha: katikati ya silinda, pale pale kwenye njia ya wanaume, kati yao na mlango. Verdie aliufuata ukucha kwa macho. Alimchukia Pruitt kwa chuki safi, isiyo na homa, anayoamka nayo na kulala nayo, na kwa miaka mitatu alikuwa ameishi kwa kuamini kwamba siku moja atamlipa. Lakini kila alasiri alimwona Hobart. Alikuwa mdogo kama mchele na alikuwa akienda kufa, lakini alikuwa yeye, na bega lake la kushoto lililoteremka kidogo. Je, chuma kikimpitia?

"Nifundishe kupakia," alisema.

Delmas hakuwahi kuulizwa jambo la baruti akaweza kufunga mdomo. Alimfundisha yote: baruti, risasi, mafuta ya kupikia ya kuganda juu yake, na nyuma fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinachowasha baruti. "Na bastola mpya ina mafuta ya kiwandani kwenye vitundu vya fataki," alisema. "Kwanza unalipua fataki tupu, yaungue. Usipofanya hivyo utasikia tap, na bastola imenuna."

Ocie alipopata habari alikuja na mkono kiunoni. "Mimi yangu siikoki ng'o. Clell wangu yuko wa pili pale, nimkwaruze ili iweje?"

"Ili Pruitt afe."

"Pruitt akifa kofia nyeupe atapewa mwingine. Clell nina mmoja tu."

"Dawa ya moto ni moto, Ocie."

"Haya, wewe una zimamoto ngapi nyumbani?" Ocie alisema, akajipakulia maharage bila kuombwa.

Asubuhi ya Jumapili ile, baada ya ibada, Verdie alipakia tundu moja mezani jikoni, baruti na risasi. Fataki tupu hakuzilipua. Alisema zingemtia Hobart masizi bure, kabla ya wakati, na kama kuna kosa alilolifanya ni hilo. Aliifunga bastola kwenye kitambaa cha sahani, akaiweka ndani ya kapu juu ya kuku wa kukaanga, akapanda mlima.

Makaburi yalikuwa yamefagiliwa na watoto walikuwa wakikimbizana. Pruitt alisimama nyuma ya meza ndogo, amevaa suti ya kijivu, karatasi mkononi. Alimpa kila mjane mkono na kumuuliza kuhusu bustani yake. Kisha alianza kusoma majina, na baada ya kila jina mjane mmoja alielekeza bastola mawinguni akapiga moshi. Verdie alikuwa wa sita. "Hobart Sizemore," alisoma Pruitt, na Verdie alitoa ya kwake kwenye kitambaa, akavuta nyundo, akaigeuza toka mawinguni hadi kwenye kifua cha suti ya kijivu, hatua nne tu, akabana.

Ilisema tap.

"Nilimwambia," Delmas aliwaambia waliokuwa karibu.

Klabu ina kanuni moja isiyovunjwa na mtu, maana baruti inaweza kulala kisha ikaamka: fataki ikilia na bastola isilie, uishike vilevile, mdomo wake usiutoe ulikoelekea, na uhesabu hadi sitini. Anayesimama mbele naye hatikisiki, asije akamtia mpigaji wasiwasi. Delmas alivua kofia, akaanza kuhesabu kwa sauti. Pruitt alikuwa mwanachama wa heshima wa klabu, na kanuni alizijua. Alishusha karatasi yake, akasimama wima.

Ilikuwa Jumapili, lakini wanaume kwenye silinda walianza kutembea. Jua lilikuwa zuri na Pruitt alikuwa na macho makali.

"Huyo ni mimi," alisema.

"Ndiwe," alisema Verdie.

"Kumi na tisa," alisema Delmas. "Ishirini."

"Kofia sikuivaa hivyo, kiupandeupande."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo ni wenyewe." Pruitt aliinamisha kichwa aone vizuri zaidi. "Ofisi ilinipigia simu. Ningefungua ule mlango hewa ingeingia ndani, na tabaka zima la makaa lingeshika moto. Lingekuwa linawaka mpaka leo, Bi Sizemore. Makaa ya miaka arobaini."

"Thelathini na nane," alisema Delmas.

"Uliwasikia wakigonga?" aliuliza Verdie.

"Niliwasikia."

"Kwa muda gani?"

"Dakika kumi na tano," alisema Pruitt. "Mwishoni alikuwa akigonga mmoja."

Mlima mzima ulisikia. Mkaguzi wa serikali alikuwepo, ameshika paja la kuku, naye alisikia, lakini ilikuwa Jumapili na kalamu aliiacha garini. Mchungaji alitazama viatu vyake. Hakuna aliyesikia jambo jipya. Delmas alihesabu, na kwa wakati huo wote Verdie alitamani baruti iamke yenyewe, imwondolee kazi. Haikuamka.

"Sitini," alisema Delmas. "Shemeji, ama uishushe, ama uweke fataki nyingine. Mafuta sasa yameungua."

"Verdie," aliita Ocie. "Mfikirie Hobart."

"Ndiye ninayemfikiria."

Ili kuweka fataki nyingine ilibidi aizungushe silinda mzunguko mzima mpaka tundu lile lirudi chini ya nyundo. Aliisikia ikikwaruza. Mstari mweupe, mwembamba kama uzi, ulipita juu ya reli, chini ya mlima, mbele ya miguu ya wanaume kumi na mmoja, ukajiunga na mwanzo wake. Delmas alifumba macho. Verdie akalenga tena, na safari hii alibana kwa mikono miwili.

Baruti nyeusi haitoi moshi wa mchezo. Kwa muda watu hawakuona hata makaburi. Upepo ulipoupeleka moshi bondeni, Pruitt alikuwa amesimama pale pale. Katikati ya kifua chake palikuwa na tundu la upana wa kidole gumba, lenye kingo safi, na kupitia kwalo wajane waliokaa mbele waliuona mti wa dogwood uliochanua nyuma yake. Damu haikutoka. Pengine ndani hamkuwa na kitu cha kutoa damu. Mimi sikufungua kuangalia. Pruitt alijitazama, akakung'uta suti, akasoma majina matano yaliyosalia. Wakati wa chakula alikula vipande viwili vya kuku.

Sherifu wa kaunti alisoma cheti cha boksi, mbele na nyuma. "Hapa imeandikwa ni kumbukumbu," alimwambia Verdie. "Mchoro wake tuliukataa kuwa ushahidi, sasa siwezi kugeuka niiite bastola silaha. Nenda nyumbani, mama. Uioshe leo leo kwa maji ya moto na sabuni, baruti hiyo inakula chuma."

Verdie aliiosha kwa hasira, akaikausha juu ya jiko. Alikuwa amempiga aliyemtaka kumpiga, mahali alipotaka kumpiga, na mtu yule alikwenda nyumbani akiendesha gari mwenyewe.

Kesho yake, saa tisa kasorobo, wanaume walikuja. Masizi hayakuwadhuru. Hobart alifika kwenye mstari, akasimama. Verdie aliinamia silinda. Kaa hapo, alimwambia kwa nguvu zake zote, usivuke, keti hapo hapo kwenye reli. Hobart aliutazama mstari, akageuka nyuma akawatazama wenzake kumi waliokuwa wakimfuata kwa sababu yeye ndiye aliyejua njia. Akauvuka kwa mguu wa kushoto. Mmoja mmoja walivuka wote, wakaenda mlangoni, wakagonga.

Delmas alisema kwamba kwa mstari ule na masizi yale hakuna mkusanyaji angeitaka tena hata bure, na akajitolea kumsafishia kioo cha boksi airudishe humo. Verdie alikataa. Siku hizi bastola inakaa mezani, kando ya chumvi.

Pruitt alipandishwa cheo kabla ya mavuno ya mahindi. Amepewa mgodi mkubwa zaidi, ng'ambo ya kaunti, wenye wachimbaji thelathini na wanane. Upepo ukivuma kifua chake hupiga mluzi, na watu wa kule huufurahia, maana huwapa muda wa kuficha sigara kabla bosi hajawafikia. Mlango wa pili wa mgodi huo una kufuli jipya. Italia nako wamekwisha kuleta maboksi thelathini na manane, ya mbao nyeusi na kioo, yamepangwa vizuri kwenye stoo ya kampuni. Silinda za bastola zilizomo bado hazijachongwa kitu.