Hodi kwenye Nyumba ya Isidore

Siku ile mjinga alikuwa Casimir, na yeye mwenyewe hakatai. Alifika mlangoni na mnunuzi, ufunguo mkononi, akasimama mbele ya nyumba ambayo kwa wiki tatu alikuwa ametangaza kwamba ni yake, akasema:

"Hodi."

Ng'ambo ya njia, Félicité, muuza unga wa muhogo, aliacha kupima.

"Casimir! Mutu anapigaka hodi kwake? Na kwa bibi yako unapigaka hodi?"

Casimir angemjibu, maana hakuwa mtu wa kushindwa na muuza unga, lakini nyumba ilimtangulia.

"Karibu, shemeji," ilisema kutoka ndani. "Muingie."

Ilikuwa sauti ya Émilienne, mjane wa kaka yake Isidore. Émilienne mwenyewe alikuwa Makobola kwa ndugu zake tangu mwezi wa sita wa mwaka huo wa 1956. Casimir alimpandisha kwenye lori, kamyo la Makobola, na sufuria mbili na mkeka, baada ya wazee wa ukoo kukaa na kusema kwamba mwanamke asiye na mtoto hana ukuta wa kuegemea. Aliyewaita wazee ni Casimir. Pombe ya ndizi pia alileta yeye.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, matofali mabichi, hatua ishirini kutoka soko la Baraka. Majani ya paa yalikuwa yameoza upande wa ziwa, mlango ulining'inia kwa bawaba moja, na mvua ilikuwa imekula ukuta wa nyuma hata mbuzi aliweza kuingiza kichwa. Mnunuzi aliitwa Sebahire, mfugaji aliyeshuka na siagi kutoka mlimani kila siku ya soko na hakuwa na mahali pa kupumzisha miguu. Alivua kofia, akainama, akaingia.

Ndani hapakuwa na mtu. Mafiga matatu yalikuwa na joto.

"Kaa, baba," sauti ilisema. "Ng'ombe ziko muzuri?"

"Ziko, mama. Moja tu inachechemea."

"Muikande na maji ya moto na chumvi."

"Asante, mama."

Sebahire alikaa chini muda unaomstahili mgeni. Kisha akaaga, akatoka, akavaa kofia yake.

"Paa naweza kutengeneza," alimwambia Casimir. "Ukuta pia. Lakini mwenye nyumba amenikaribisha. Mutu akishakukaribisha, utanunua nyumba yake namna gani?"

"Ni sauti tu, rafiki. Mwenyewe haiko humu."

"Mi pia nimesikia ni sauti tu. Ndiyo maana nimeiitikia."

Casimir aliamua kwamba sauti inakaa kwenye nyufa. Kwa wiki mbili alifyatua matofali, akaziba ukuta wa nyuma, akaezeka majani mapya, akafunga bawaba ya pili. Sauti ikawa safi zaidi, kwa kuwa sasa haikuwa na mahali pa kuvujia.

Basi akaanza kuwaonya wanunuzi wasipige hodi. Walijitahidi. Mmoja alikohoa tu mlangoni, na nyumba ikakikaribisha kikohozi. Roger, karani aliyetoka Fizi na viatu vya ngozi, aliingia kimya kabisa, kama alivyoagizwa.

"Karibu, hata wewe," nyumba ilisema. "Kwenu hakukuwa mutu wa kukufundisha?"

Roger alitoka na viatu mkononi. Alivivaa mbali, karibu na kanisa.

Kuna jambo ambalo Casimir hakumwambia mnunuzi yeyote. Isidore, kifua kilipokuwa kinammaliza, alimshika mkono katika chumba kilekile, akasema, "Émilienne abaki humu." Casimir akasema ndiyo. Tena kwa miaka sita, kila Jumapili, alikuwa amekula pale bugali na samaki, na kichwa cha samaki kilikuwa chake daima. Na kila Jumapili, kabla ya kula, alipiga hodi. Ulimi una njia zake, kama mbuzi anayejua kwao.

Siku alipochoka kuzunguka nyuma ya kanisa ili asiipite nyumba, alipanda kamyo akaenda Makobola. Alimkuta Émilienne akianika ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Mjane alimsalimu kwa mikono miwili, bila neno. Wifi yake ndiye aliyeeleza: alishuka kwenye kamyo bila sauti, nao walishazoea, hata magomvi yamepungua. Émilienne alikung'uta magamba kwenye kitenge, akakubali kwenda naye.

Siku ya soko, mbele ya mlango, Émilienne alikaa kwenye kigoda cha Félicité. Casimir alibaki amesimama.

"Chukua sauti yako, shemeji. Nakuomba na heshima."

Émilienne alimtazama.

"Iko mahali pake," nyumba ilijibu.

"Wazee walisema."

"Niliwasikia. Nilikuwa ninawapikia."

"Na neno la wazee halirudi nyuma."

"Halirudi," nyumba ilikubali.

Na kweli halikurudi. Saa nane Émilienne alikuwa juu ya kamyo la Makobola, kimya, na unga aliopewa na Félicité magotini. Nyumba ilibaki na paa lake jipya, bila mnunuzi. Sebahire akawa anapita kila siku ya soko, anakaribishwa, anapumzisha miguu, anaacha kipande cha siagi kizingitini.

Lakini kabla kamyo halijapiga honi, huku nusu ya soko ikitazama, Casimir alikuwa bado na neno moja. Aliinua ufunguo juu, kila mtu auone.

"Kiwanja ni cha ndugu yangu," alisema. "Majani nimeezeka mimi. Ufunguo ni huu. Nyumba ni yangu!"

"Basi ingia, shemeji," sauti ilisema. "Lakini usipige hodi."