Hodi ya Upande wa Pili

Bi Siwema anajilaza kwenye mkeka mchana wa Jumapili, simu kifuani, akingoja binti yake Tausi apige kutoka Ufini, kisha usingizi unampitia na mkeka unakuwa barabara. Anaifuata. Kila Jumapili ni yale yale: anammwagia maneno matamu mjukuu wake Aino, mtoto asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, na Aino anamtazama tu, kisha huyo, kakimbilia midoli yake. Anasikia nini yule mtoto? Swali hilo linamkaa rohoni, na barabara inazunguka nalo hadi kwenye mji wa vioo, ambako watu wanazungumza na yeye haambulii kitu. Sauti zinapanda, zinashuka, zinateleza, kila neno linaishia mdomo ukiwa wazi. Anamuuliza mtu asiye na uso, hiki mnachosema ni Kichina au ni kitu gani? Ndicho Kiswahili ulichonyonyea, mtu anamjibu, leo umekaa upande wa wanaosikiliza bila kuelewa. Makubwa haya. Siwema anacheka, halafu kicheko kinamkauka, maana kufumba na kufumbua yumo ndani ya nyumba ya kwao, na nje ya mlango anaita marehemu mama yake. Sauti anaijua. Neno halijui. Ni tamu, inamwita yeye hasa, lakini haifunguki. Inaita mara ya pili. Anajua kuna jibu, fupi tu, ambalo kila mtoto wa mtaani kwao analo, na bila jibu hilo mgeni mwenye adabu haingii. Akiita mara ya tatu bila kujibiwa, anageuka na kwenda zake. Inaita mara ya tatu. Siwema anafungua mdomo, hautoki hata mnong'ono. Nyayo zinaondoka polepole, na hamu yake ya mama haisemeki.

Simu inatetemeka kifuani. Shikamoo mama, anasema Tausi, na kabla hajaitikiwa anaendelea, kuna mtu hapa kanisikia nikisema neno mlangoni kwa jirani Mtanzania, sasa haachi kulisema, maana yake hajui, anapenda tu linavyosikika. Kwenye kioo cha simu unatokea uso wa Aino, na mtoto anaita, sauti ikipanda mwishoni: hodi. Kioo kinang'aa kama kuta za ule mji. Hodi, mtoto anaita tena, kisha anavuta pumzi. Karibu, anawahi Siwema, machozi yakimtoka, karibu ndani, karibu mama, na hajui ni mlango wa upande gani anaoufungua.