Mama Kumudini Amelala

Saa nne asubuhi nilimfunga sari ya kijani, nikaibana kwa pini begani, akajipaka wanja mwenyewe bila mkono kutetemeka. Mwanamke wa miaka sabini na sita, na siku hiyo alikataa hata kile kiti cha magurudumu. Saa tano mwongozaji wa filamu angepiga simu kutoka Mumbai. Alitaka Mama Kumudini aigize bibi mwenye nyumba, siku kumi na mbili tu.

Mimi Ghati wa Tarime nilimjua kabla sijamwona. Utotoni tulimwangalia kwenye filamu zake za Kihindi katika kibanda cha video, mtafsiri wetu Fredy akitafsiri kwa kipaza sauti na kuongeza chumvi zake, nasi tukilia. Kwa nini alipotea kwenye filamu, nilikuja kujua nikiwa mtunzaji wake huku Herndon, Marekani, nikimkanda miguu. Baba mwigizaji, kaka watatu waigizaji, na mwiko wa ukoo kwamba binti akiolewa, kamera basi. Aliolewa akiwa na miaka ishirini na miwili. Kaka zake waliendelea kucheza vijana wa chuo mpaka wakaota vitambi. Upuuzi mtupu!

Saa tano kasoro, mwanawe Nikhil akaniita jikoni. Akaniambia kwa upole, maana yule hasemi ila kwa upole, kwamba simu ikilia niseme mama amelala na kumbukumbu zimemtoka. Eti ukoo utachekwa. Na ndiye aliyekuwa akisaini saa zangu za kazi ili nilipwe.

Ningekataa. Lakini nilikuwa hausigeli Mwanza miaka minne, na kusema bosi hayupo nilijifunza kabla ya kupika pilau. Hatukuuita uongo, tuliuita kazi. Simu ilipolia nikaipokea sebuleni, nikashusha sauti kama anayeogopa kuamsha mgonjwa. Nikasema amelala. Nikaongeza, bila kutumwa, kwamba hata jina langu hulisahau. Mwongozaji akasikitika, akashukuru, akakata.

Nikhil nina hasira naye mpaka leo. Lakini hilo la jina lilikuwa langu mwenyewe.

Nilipogeuka, Mama Kumudini alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ukuta. Nilingoja anitukane, na laiti angenitukana. Alinitazama kwa makini, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.

"Kushusha sauti vile, nani alikufundisha?"

"Hakuna, Mama."

"Kaka zangu walipigiwa makofi maisha yao yote," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kuigiza vizuri hivyo."