Nusu ya Neno la Siri

Birika lilikuwa limeanza kuimba jikoni mama yake Fundi alipoamka, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaingiza mguu wa kulia kwenye kandambili, akaishia hapo. Mguu wa kushoto ulibaki hewani. Macho yalikuwa wazi, yametulia ukutani.

"Mama, chai tayari."

"Weka neno la siri," mama akasema, kwa sauti yake ileile ya kila siku.

Fundi alizima jiko. Alijua neno hilo limetoka wapi: kazini kwake, jana jioni. Alivuta kiti akaketi, akainuka. Alifunga dirisha, akalifungua tena. Mwishowe alimfunika mama shuka mabegani asipate baridi, akamwachia kikombe cha chai kando, akatoka.

Mama alitibiwa presha kwenye kliniki ya wazee, na kumbukumbu za wagonjwa wa kliniki hiyo zilikaa kwenye mashine ambayo binti yake, Fundi, aliitunza kazini. Watu husema mashine za siku hizi ziko kwenye wingu. Wingu lenyewe ni kompyuta za watu wengine, mbali, na mashine ni pepe, haina sanduku la kugusa wala la kupiga kofi ikigoma. Jana yake mkubwa wa ofisi aliagiza diski ya mashine hiyo isimbwe, yaani kila kilichomo kivurugwe, kisisomeke ila kwa mwenye ufunguo. Wakaguzi walikuwa njiani. Mkubwa huyo walimbandika jina la Bwana Tahadhari, kwa kuwa hakuisha kuwaimbia tahadhari kabla ya hatari, na hatari zote za ofisi ile zilianzia mezani kwake.

Desturi ya pale ni kwamba neno la siri hupigwa na watu wawili, kila mtu nusu yake, mmoja akipiga mwenzake anatazama ukuta. Fundi alipiga nusu ya kwanza. Bwana Tahadhari akapiga ya pili, kwa kidole kimoja, akihema. Kisha, asije akaisahau, akaihifadhi nusu yake ndani ya mashine ileile. Ni kama kubamiza mlango wenye kufuli la kujifunga, funguo zikiwa mezani ndani. Mashine ilipozimwa na kuwashwa, iliuliza neno la siri, ikasubiri, na asubuhi hii wagonjwa waliomo ndani yake walikuwa wakisubiri nayo.

Nje, jirani alikuwa akifagia kibaraza chake.

"Wako amefikia wapi?" akauliza.

"Kandambili moja."

"Afadhali yenu. Baba mkwe wangu kakwama na mswaki mdomoni, povu linamkaukia."

"Tunalishughulikia, dada."

"Mnashughulikia nini, na nyinyi ndio mliofunga?"

Fundi alitembea haraka mpaka kazini. Bwana Tahadhari alikuwa ananyoosha tai.

"Mkubwa, naomba nusu yako."

"Siri ya ofisi haitamkwi."

"Basi ipige mwenyewe. Mimi natazama ukuta."

Alitazama ukuta, rangi iliyobanduka pembeni mwa swichi, akisikiliza kidole kile kimoja. Mashine ilikataa. Kidole kikarudia, polepole zaidi, na mashine ikakataa tena. Mtu mzima alikuwa amesahau, na ofisi nzima iliona.

"Kibodi hii ina matatizo," Bwana Tahadhari alisema. "Turudishe nakala ya akiba."

"Nakala za karibuni uliagiza zifutwe, kwa kuwa hazikuwa zimesimbwa. Iliyobaki ni ya mwaka jana."

"Nakala ni nakala."

"Nipe mpaka mchana. Labda utakumbuka."

"Nikumbuke nini? Nimekwambia ni kibodi."

Fundi alirudi nyumbani mbiombio, bila kuaga. Mama alikuwa palepale. Fundi alipiga magoti, akamnong'oneza sikioni nusu ile aliyokuwa nayo. Haikuwa na maana yoyote, herufi na tarakimu tu.

Upande wa kulia wa mama ukaamka. Jicho moja lilipepesa. Mkono mmoja ulichukua kikombe, na nusu ya mdomo ikanywa, chai nyingine ikichuruzika upande uliolala.

"Imepoa," mama alisema. "Nusu nyingine anayo nani?"

"Bosi. Kasahau. Anataka kurudisha nakala."

"Ya lini?"

"Ya mwaka jana, mama."

Mama alikiweka kikombe chini. Jicho lile moja lilimtazama binti yake.

"Mwaka jana baba yako alikuwa hai."

"Ndiyo."

"Nimeshamlilia, mwanangu. Nimelia mpaka nikamaliza, juzi tu ndiyo nimeanza kupata usingizi. Usikubali wanirudishe kule. Niacheni hivihivi. Mkono ninao, na mdomo ninao wa kukusema."

Fundi alitaka kucheka, akajikuta analia. Alipiga simu akiwa anazunguka chumba. Iliita, ikakatika. Akapiga tena.

"Mkubwa, subiri, usirudishe. Wa kwangu ameomba asi—"

"Nimeshabonyeza," alisema Bwana Tahadhari. Nyuma yake watu walisikika wakipiga makofi. "Inawaka vizuri ajabu. Wakaguzi wameipenda."

Mguu wa kushoto wa mama ulishuka, ukaingia kwenye kandambili ya pili. Mama alisimama, akajinyoosha, akajifuta chai kidevuni, akaenda jikoni akiimba. Nje baba mkwe wa jirani alisukutua mdomo, akatema, akaanza kuulizia gazeti la jana, yaani la mwaka jana. Jirani aliendelea kufagia.

Simu ya Fundi ilitetemeka. Bwana Tahadhari alimshukuru kwa ushirikiano, akamkumbusha kwamba Ijumaa watasimba mashine zote zilizobaki, kwa utaratibu uleule, na afike mapema kupiga nusu yake.

Jikoni, mama alikuwa ameinama chini ya kabati, anatafuta kikombe cha bluu kilichovunjika mkono, ambacho Fundi alikuwa amekificha mwenyewe siku waliyotoka makaburini. Alikipata. Alikipuliza vumbi, akashangaa kidogo limetoka wapi, akakijaza chai, sukari nyingi.

"Mbona umekonda hivyo?" akamuuliza binti yake. "Hebu kamwite baba yako, chai inapoa."

Fundi alivuta kiti.

"Mama, kaa kwanza."

Mama alikaa huku akitabasamu, mikono yote miwili ikiwa imekizunguka kile kikombe, akauliza kuna habari gani.