Fimbo Isiyoazimwa

Nilikuwa na pesa ya fimbo moja tu, tena ya kawaida, na muuzaji aliliona hilo usoni mwangu kabla sijafika kaunta. Hakusimama. Alikuwa anatafuna karanga kutoka kwenye kipande cha gazeti, akanielekeza kwa kidevu kwenye pipa la plastiki kando ya mlango, lililojaa fimbo fupi za watoto.

"Za bei yako ni hizo, dada."

"Bei yangu umeijulia wapi?"

"Au unamnunulia mumeo?"

Nikamwambia sina mume, na hata ningekuwa naye nisingemnunulia kitu kwa mtu anayenijibu na karanga mdomoni. Akajifuta mikono kwenye suruali. Basi tukawa tumeshajuana.

Ukumbi wetu wa snuka, ule mchezo wa kusukuma mipira kwa fimbo hadi mashimoni mwa meza, una timu ya watu wanne. Kwa miaka kumi na tisa nafasi ya nne ilikuwa ya baba. Baba alifariki mwezi wa pili, na kepteni akatangaza kwamba nafasi ile itagombewa Jumamosi na watu wawili, mimi na kaka yangu. Sharti la ligi ni kila mchezaji aje na fimbo yake. Zile za ukumbini haziruhusiwi. Mimi miaka yote nilichezea ya baba. Baada ya msiba kaka aliichukua bila kumuuliza mtu. Nilipompigia simu kumwomba niitumie siku hiyo moja, hata tukipokezana palepale mezani, alinijibu kwa maneno mawili: "Hiyo haiazimwi." Kisha akakata simu.

Ndiyo maana nilikuwa dukani Jumanne saa za kazi, mapazia ya ofisi nzima yakinisubiri kwenye cherehani. Nafasi ya baba niliitaka kweli, nisidanganye. Lakini zaidi ya kuitaka, sikutaka kumwona kaka yangu amekalia kiti chake.

Mapazia ndiyo kazi yangu. Nayashona, kisha naenda kuyatundika mwenyewe, na anayetundika pazia lazima aijue fimbo. Baba alinifundisha. Unaishika fimbo usawa wa jicho, unafumba jicho la pili, unaizungusha polepole hadi ikuambie ukweli. Mahali pa kukata unapiga mstari mmoja wa penseli, na vialama viwili vidogo upande unaobaki, ili msumeno usile upande usio wake. Fimbo ya snuka nayo alinifundisha kuitazama vilevile. "Fimbo ni ya kuchezea," alikuwa akisema. "Anayetaka pambo akanunue saa ya ukutani."

Muuzaji alianza na pambo. Akatoa kwenye mkoba wa ngozi bandia fimbo ya vipande viwili, kitako chake chekundu chenye nakshi za dhahabu, akaikaza skrubu kwa mbwembwe.

"Hii ndiyo inayotoka sana. Nimeishusha bei wiki hii tu. Na mkoba unapata."

Bei ilikuwa ndani ya uwezo wangu, kwa shida. Nikaiinua, nikafumba jicho. Kutoka kwenye kiungo hadi nchani, fimbo ilikuwa inaelekea dirishani.

"Imepinda."

"Imepinda wapi? Iviringishe hapa kwenye kaunta uone. Wateja wote huviringisha."

"Kaunta yako yenyewe imebonyea katikati. Hapo hata ndizi itaviringika."

Akainyakua, akairudisha kwenye mkoba. Nikazitazama nyingine sita, moja baada ya nyingine, naye akiguna kila nilipofumba jicho. Moja ilikuwa nzito mbele, nikahisi mkono unavutwa. Nyingine niligonga kitako chake sakafuni, nikaipiga kwa kiganja ubavuni, ikalia ndani kama debe. Ya tatu mti wake ulipakwa rangi nzito mpaka mistari yake haionekani, na mimi mti unaofichwa siununui. Tatu zilizobaki sizisemi, nisije nikashtakiwa.

Niliyoipata ilikuwa imesimamishwa pembeni nyuma ya boksi la chaki, imejaa vumbi. Haikuwa na nakshi wala mkoba. Ilikuwa ya kipande kimoja, kitako cheusi kilichochubuka, na mistari ya mti ilishuka imenyooka kutoka nchani hadi inapoanzia rangi. Niliizungusha mara tatu mbele ya jicho nikitafuta ubaya, nikaukosa. Ilinifika chini ya kidevu. Kipande cha ngozi nchani ndicho kilichokuwa kimekufa, laini kama mkate, lakini ngozi hubandikwa mpya kwa pesa ndogo.

"Hiyo ya maonyesho," muuzaji akasema. "Siuzi."

"Unaonyesha nini, vumbi? Taja bei."

Akataja bei ya kunikomoa. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mdomo nimpe jibu lake, kaka akaingia.

Alikuwa na begi la kitambaa begani. Aliponiona alisita mlangoni, kisha akajifanya hakusita.

"Kumbe na wewe unanunua fimbo. Umechelewa miaka ishirini."

"Ningekuwa na kaka mwenye haya nisingenunua."

Akamgeukia muuzaji, akaweka begi juu ya kaunta. "Kiungo kinalia. Kila nikipiga mpira kinalia. Nataka kiwe kimetengemaa kabla ya Jumamosi."

Nikashtuka. Fimbo ya baba haikuwa na kiungo. Ilikuwa mti mmoja, na aliibeba mtaani begani kama mkulima na jembe lake. Muuzaji akafungua zipu, akatoa kipande cha kwanza, akatoa cha pili. Kwenye kitako niliona doa la rangi nyeupe, la siku ile baba alipoiegemeza kwenye ukuta uliokuwa haujakauka.

"Umeikata," nikasema.

"Ilibidi."

"Ilibidi nini? Haikuingia kwenye gari lako?"

"Nisikilize kwanza."

"Simsikilizi mtu aliyeshika msumeno! Mti wa baba, miaka yote ile, wewe umekaa nao miezi mitatu ukaufanya kuni!"

Nilikipokonya kipande mkononi mwa muuzaji. Pembeni ya kiungo bado palikuwa na penseli, na nilipoiona nikazidi kuwaka. "Hata alama hamkufuta! Kazi ya kishenzi, hata kufuta hamkufuta!"

Kaka alikichukua kile kipande kutoka kwangu taratibu, jambo lililonikera kuliko kama angekipora. Muuzaji alichungulia tundu la skrubu, akasema limetobolewa upande, hakuna fundi wa kulinyoosha, fimbo haitacheza tena. Kaka akavirudisha vipande vyote viwili kwenye begi, akafunga zipu.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Sijamaliza."

"Basi kamalizie kwako." Akamwambia muuzaji, "Nipe nyingine. Nzuri."

Muuzaji akanitupia jicho, kisha akaufungua ule mkoba wa ngozi bandia. Kaka akaipokea fimbo ya nakshi, akaipima uzito, akaiviringisha kwenye kaunta. Ikaenda vizuri sana, ikatulia kwenye ule ubonyeo. Akanigeukia kwa kejeli.

"Unaionaje? Si wewe ndiye bingwa wa kufumba jicho?"

Muuzaji aliacha kutafuna. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, nalo nilikuwa nalo mdomoni. Nikaona tena vile vipande viwili vikiingia kwenye begi.

"Nzuri," nikasema. "Inakufaa."

Akalipa bila hata kuomba punguzo, akaondoka na begi bega moja na mkoba bega la pili. Tulimsikiliza mpaka hatua zake zikapotea.

"Dada, una roho mbaya," muuzaji akasema.

"Na wewe uliyemuuzia? Punguza bei."

Akapunguza.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa watu wasio na kazi za kufanya. Tulicheza fremu tatu. Hatukupeana mikono, kepteni alijaribu kutusogeza, akaona nyuso zetu akaacha. Ya kwanza kaka alishinda, kwa kuwa anajua kucheza, hilo siwezi kumnyima, na karibu na mashimo hata fimbo iliyopinda hufunga mipira. Ya pili nilimvuta kwenye mipira ya mbali. Nikiona mpira umekaa ng'ambo ya meza namwachia makusudi. Alilenga, akapiga, ukakosa shimo kwa upana wa kidole. Akapaka chaki. Akalenga tena, ukakosa palepale. Watu wakaanza kucheka chinichini, na mjinga mmoja akamshauri akapimwe macho. Fremu hiyo ikawa yangu.

Fimbo yangu ilikwenda nilikoituma. Fremu ya tatu nilifunga mpira wa bluu, wa pinki na mweusi mfululizo, na mweusi ulipodondoka nilipiga kelele mwenyewe kabla ya watu. Nilifurahi. Furaha ya kumwona mtu uliyemkasirikia anashindwa mbele ya watu ni tamu, na atakayekuambia vinginevyo hajawahi kuipata.

Kaka aliiweka fimbo yake juu ya meza, akaiviringisha kwa kidole. Meza ya snuka haijabonyea. Ncha ilikuwa inapanda na kushuka. Aliitazama mpaka iliposimama.

"Ulijua?"

"Niliitazama kabla hujaingia dukani."

"Ukanyamaza."

"Wewe ulipoikata ya baba uliniambia?"

Sentensi hiyo nilikuwa nimeiandaa tangu Jumanne. Waliosikia wakashangilia. Nilimsubiri akasirike, nilikuwa na nyingine tatu za kumjibu. Hakukasirika. Alikaa kwenye ukingo wa benchi, akaongea chini, mimi tu nisikie.

"Baba aliitaka wodini, alipolazwa. Nesi akakataa, eti wagonjwa watajikwaa. Akasema basi ikatwe iingie kwenye begi, ikae chini ya kitanda, awe anaishika nikienda. Nikamkatalia wiki nzima. Siku hiyo akaomba penseli, akapiga mstari mwenyewe. Mkono ulikuwa unamtetemeka, nikamshikia fimbo."

"Mimi mbona sikuiona? Nilikuja..."

"Ulikuwa unakuja Jumapili. Jumapili nilikuwa naondoka na begi. Alisema usiambiwe. Alisema utapiga kelele."

Nilitaka kumwambia ni mwongo. Nikaiona akilini ile penseli. Dukani niliitazama kwa hasira, lakini jicho langu limezoea kazi yake na lilikuwa limeshaihifadhi: mstari mmoja umekwenda kombo kidogo, na vialama viwili vidogo upande unaobaki. Hakuna mtu mwingine anayeweka alama hivyo, isipokuwa mimi.

Kepteni alikuja na karatasi ya timu nijiandike jina kwenye mstari wa nne. Nikamwambia asubiri. Kaka alikuwa ameshasimama, anavaa koti. Mkoba wake aliuacha wazi kwenye benchi, na fimbo ya nakshi palepale juu ya meza.

"Kaka," nikamwita. "Lile begi liko wapi?"

"Nyumbani."

"Niazime. Siku moja tu. Nataka kuiona tena ile alama."

Alifunga vifungo vya koti vyote, kuanzia chini.

"Hiyo haiazimwi," akasema, akatoka.